Mwenyekiti Ametapika

Kwenye kituo chetu cha kuuguza ndege wawindaji kuna sheria moja ambayo kila mtu anaiapia na hakuna anayeifuata: mgonjwa hapewi jina, anapewa namba. Sababu zenyewe ni nzuri. Ndege wa porini ukimzoesha sauti yako, ukamchekea na kumbembeleza, hasa akiwa kinda, atakua akijiona ni mtu, na siku ya kumwachia atakwenda kutua kwenye bega la mpita njia na kumtoa roho. Ndiyo maana makinda hulishwa na mtu aliyejifunika shuka, mkononi kavaa kikaragosi chenye kichwa cha ndege mzazi, na neno halimtoki. Nimeshakaa chini ya shuka hilo. Joto lake usiulize.

Basi mgonjwa wa banda la mwisho alikuwa na namba, na namba hiyo hakuna aliyeikumbuka, maana sote tulimwita Mwenyekiti. Sijui nani alianza. Ukimwona tu unajua: upara, mabega yaliyopanda, kola ya manyoya shingoni, mwendo wa taratibu wa mtu anayekwenda kufungua kikao, na jicho la kukuambia umechelewa. Tumbusi mzima mzima, kilo tano na ushei, mabawa yakifunguka yanakaribia mita mbili.

Kilichomleta kwetu ni tumbo. Tumbusi akikuta mzoga hali kwa adabu. Hajui atakula tena lini, kwa hiyo anajaza ule mfuko wa shingoni mpaka unatokeza kifuani, nyama ya kama kilo nzima, halafu kuruka kunamshinda. Anahitaji nafasi ya kukimbilia kwanza, na akishanyanyuka anahitaji hewa ya moto inayopanda imbebe. Huyu wetu alikuwa anakula mnyama aliyegongwa barabarani, gari jingine likaja, akajaribu kuruka na kilo yake shingoni, naye akagongwa. Bahati yake hakuvunjika mfupa; bega la bawa la kushoto ndilo lililovia damu. Daktari alilifunga bendeji likalala ubavuni, na mara kwa mara akawa anampa dawa ya usingizi, analifungua na kulinyoosha polepole, kwani bawa likifungwa muda mrefu hukakamaa lisifunguke tena.

Kumshika nako kulikuwa na masharti yake. Kwa tai na bundi unaogopa miguu. Kucha zikishakubana, kano za vidole hujifunga zenyewe, na ukivuta ndiyo zinazidi kukaza. Dawa yake ni kuunyoosha mguu wa ndege mpaka vidole vilegee, jambo jepesi sana kulisema wakati kucha haziko kwenye nyama yako. Kwa kipanga unaogopa upande wa nyuma, kwa sababu yeye hajisaidii chini kama ndege wenye staha. Hurusha kwa mlalo, na ana shabaha. Tumbusi miguu yake haitishi, ni ya kutembelea tu. Yeye ana mdomo wa kuchana ngozi ya mnyama, na ana silaha ya akiba: akitishwa, anatapika. Anakutia kinyaa wewe, na hapohapo yeye anapunguza mzigo ili aruke. Asidi ya tumbo lake ni kali mno, na nyama inayowaua wanyama wengine yeye anaila bila wasiwasi. Harufu sitaieleza, huenda kuna mtu anasoma huku anakula.

Sasa, kituo kina bodi, na bodi ina mwenyekiti wa kweli. Mzee mpole, kipara, mpenda suti nyeupe. Hatukuwahi kuona tatizo, kwa vile naye hakuwahi kufika. Ndipo siku moja Meneja akatutangazia kikaoni kwamba bawa limepona, mgonjwa ataachiwa huru kwa sherehe, na mgeni rasmi atakuwa Mwenyekiti.

"Mwenyekiti ndiye atakayemwachia Mwenyekiti?" akauliza mzee wa stoo.

Watu wakainama kutafuta vitu walivyoangusha. Meneja akagonga meza. Kuanzia leo, akasema, jina hilo likome, huyu ndege ni mgonjwa namba… akafungua daftari, akapekua, akalifunga. "Namba yake," akamalizia.

Shughuli tuliipanga saa nne asubuhi, na hilo halikuwa la kubahatisha. Kabla ya hapo ardhi haijapata joto, na bila joto hakuna hewa ya kupanda. Ndege tulimlisha siku iliyotangulia, kidogo, ili aamke mwepesi. Asubuhi jua lilikuwa zuri ajabu. Tukamtia kwenye sanduku la mbao lenye matundu, giza ndani ili atulie, mlango wa mbele wenye kamba ya mgeni rasmi kuuvuta. Tukasubiri.

Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Mgeni rasmi yuko njiani. Saa saba yuko njiani. Saa nane wingu likatanda, na mgeni rasmi bado yuko njiani. Daktari akasema tuahirishe. Meneja akasema wapiga picha hawaahirishwi. Kisha akachungulia kwenye matundu, akaona ndege ameinamisha kichwa, akaingiwa na hofu kwamba atazimia mbele ya kamera.

"Apewe chakula kidogo."

Daktari alikataa. Mimi nilikataa. Mzee wa stoo, ambaye kazi yake ni kukataa kutoa vitu, alikataa kwa moyo wake wote. Meneja akamtuma kijana wa kujitolea, mgeni kazini, ana huruma kuliko sisi sote. Kijana akafungua mlango kiasi, akasukuma ndoo ya nyama ndani, na kwa vile hakuambiwa kidogo ni kiasi gani, akaiacha.

Gari la mgeni rasmi liliingia saa tisa. Nikapangiwa nisimame kando ya meza kuu, karibu na katibu muhtasi wake, mama makini mwenye kijitabu, nikiwa na redio ya mkononi ya kuwasiliana na wenzangu waliokuwa kwenye sanduku. Bado tunasalimiana, redio ikakohoa.

"Mwenyekiti amemaliza ndoo nzima. Narudia, ndoo nzima."

Katibu muhtasi akaniangalia. Nikatabasamu, nikazungusha kitufe nipunguze sauti. Nikakizungushia upande usio wake.

"KIFUA KIMEMVIMBA! Hawezi hata kusimama vizuri. Daktari anauliza, tumfunike taulo kichwani?"

Mama wa watu akageuka taratibu kumtazama bosi wake, aliyekuwa akipeana mikono na wageni, mzima wa afya. Akafungua kijitabu, akaandika.

"Mwambie Daktari asimguse," nikanong'ona. "Akishtuka atatapika hapa mbele za watu."

Katibu muhtasi akakisogeza kiti chake.

"Na ikifika zamu yake akakataa kutoka?"

"Mwinamisheni mpaka atoke."

Kijitabu kikafungwa. Nadhani kilikuwa hakina tena nafasi ya mambo hayo.

Hotuba nilikuwa nimeiandika mimi, kwa hiyo makofi yote nilikuwa nayapokea moyoni. Mheshimiwa akasoma jinsi diklofenaki, dawa ya maumivu iliyotumika kwa ng'ombe, ilivyowamaliza tumbusi wa Asia Kusini waliokula mizoga ya ng'ombe hao, hata India, Pakistan na Nepal zikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Jina la dawa alilitamka kila mara kwa namna mpya, na kila namna kwa kujiamini zaidi. Kisha akafika mahali nilipojivunia kuliko pote: kwamba mwaka 1973, juu ya Abidjan, tumbusi wa aina ya Rüppell aligongana na ndege iliyokuwa safarini zaidi ya mita 11,000 kutoka usawa wa bahari, na hakuna ndege mwingine aliyethibitishwa kufika juu kuliko hapo.

"Na sasa," akasema, akanyoosha mkono mbinguni, "mtazameni akipaa!"

Akavuta kamba. Watu wote wakatazama juu. Wapiga picha wakaelekeza kamera juu. Mlango ukafunguka, pah!

Tukaendelea kutazama juu.

Baada ya muda shingo zikaanza kuchoka, macho yakashuka moja moja mpaka kwenye sanduku. Kichwa chenye upara kikatoka, kikatazama kulia, kikatazama kushoto, kikarudi ndani. Mtu wa nyuma akapiga makofi peke yake.

"Mwinamisheni," redio yangu ikasema, na sanduku likainuliwa nyuma. Mwenyekiti akateleza akatoka, kifua mbele, akakaa chini kidogo kujikusanya. Wingu limetanda, hewa imelala, nyama imejaa hadi kooni. Ndege yeyote mwenye akili angefanya alichofanya yeye: alitazama wapi pana kivuli, akaanza kutembea kwenda huko.

Kivuli kilikuwa kwenye hema la wageni.

Aliingia kwa njia ileile aliyopita mgeni rasmi, katikati ya viti, hatua kwa hatua, na watu wakasimama pande zote mbili kumpisha, heshima ambayo mwenyekiti wa bodi hakuipata alipofika. Mtoto mmoja akampungia mkono. Akafika mpaka meza kuu, akasimama. Mwenyekiti akamtazama Mwenyekiti. Upara kwa upara. Kwa sekunde kadhaa nilikuwa na imani kwamba jambo hili lingemalizwa na wakubwa wenyewe, kwa mazungumzo.

Ila kijana wa kujitolea alikuwa ameshaamua kusaidia. Alitokea nyuma mbio, amenyoosha taulo, anapaza sauti: "Mwenyekiti, toka hapo! Toka haraka!"

Wenyeviti wote wawili wakatii. Mheshimiwa akainuka kwa mshtuko, kiti kikaanguka. Ndege akafungua mita zake mbili za mabawa, glasi zote zikaenda chini, na silaha ya akiba ikatumika. Ndoo nzima, kwenye suti nyeupe, kuanzia tai ya shingoni hadi viatu.

Nikashika redio, nikapiga kelele. Kilichonitoka akilini ni kwamba nilikuwa nimesimama mbele ya kipaza sauti.

"MWENYEKITI AMETAPIKA! Mshikeni shingo! Mfunikeni kichwa, msije mkamwacha akimbie!"

Spika zote za uwanja zikalipeleka mpaka getini. Dereva wa mheshimiwa, aliyekuwa amelala garini, akaja anakimbia na chupa ya maji. Katibu muhtasi akamdaka bosi wake mabegani, akamwinamisha apate hewa, huku akituambia kwa uchungu: "Nilijua! Mtu mzima anapewaje ndoo nzima?"

Mwenyekiti mwenye manyoya, kwa upande wake, alishajisikia vizuri. Kilo imetoka, tumbo jepesi, anachohitaji sasa ni nafasi ya kukimbilia, na mbele yake kuna meza ndefu iliyonyooka, yenye kitambaa, haina kitu tena juu yake. Akarukia mwanzoni, akatimua mbio mezani hatua za kurukaruka, mwisho wa meza akawa hewani. Akapita juu ya vichwa vya safu ya kwanza, akatua juu ya paa la stoo, akakunja mabawa, akaanza kujichambua manyoya. Hapo ndipo mgeni rasmi alipomwona kwa mara ya mwisho.

Nisiwe mwizi wa fadhila: mheshimiwa alilichukulia vizuri kuliko Meneja. Aliposafishwa na kuvalishwa ovaroli la kazini, aliuliza swali moja tu.

"Huyu ndege ninyi mnamwitaje?"

"Kwa namba, mheshimiwa," Meneja akasema upesi. "Hapa hatutoi majina."

"Namba ngapi?"

Meneja akafungua daftari.

Ndege alilala paani. Asubuhi yake jua lilipopanda alitandaza mabawa kuota joto, na ilipofika kama saa nne, ileile saa tuliyoipanga, akajitupa mbele, akapiga mabawa mara chache, akaikuta hewa ya kumpandisha, akaanza kuzunguka, akazidi kupanda. Tulioshuhudia ni Daktari, mimi, na mzee wa stoo, ambaye alikuwa anatukana kwa sababu ya hali ya paa lake. Hakuna aliyekuwa na kamera.

Hilo la kamera ndilo lililotumaliza. Taarifa ya mwaka ilihitaji picha ya ndege aliyeachiwa huru, na fundi wa kupanga kurasa alitafuta kwenye kompyuta ya kituo, akakuta maelezo tuliyoyaandika mapema, akakuta na picha moja safi ya siku ile iliyohifadhiwa kwa jina "Mwenyekiti". Taarifa ikachapishwa, ikasambazwa kwa wafadhili wote. Ukurasa wa tatu mzima kuna mzee mwenye kipara, ndani ya ovaroli, anatabasamu kwa shida, na chini yake imeandikwa: "Mwenyekiti siku aliyorudishwa porini. Alikuja akiwa dhaifu, lakini sasa anakula mwenyewe."