Samaki taa wa Ghuba ya Oman: avuliwe au aachwe?

Katika Ghuba ya Oman na kaskazini mwa Bahari ya Arabu yupo samaki ambaye wavuvi wengi hawajawahi kumtia machoni, ingawa ni miongoni mwa samaki walio wengi zaidi katika maji hayo. Ni samaki taa, kwa jina la kisayansi Benthosema pterotum. Hazidi urefu wa kidole cha kati, ana macho makubwa, na tumboni ana safu za vitone vinavyotoa mwanga wa samawati. Tangu miaka ya 1970 watu wamekuwa wakijadili kama avuliwe kwa wingi, asagwe unga wa kulisha kuku na samaki wa kufugwa, au aachwe alipo.

Wanaotaka avuliwe huanza na wingi wake. Meli ya utafiti ya Norwei, Dr. Fridtjof Nansen, ilipima eneo hilo mwaka 1975 na 1976, na vipimo vyake vikazaa makadirio ya takriban tani milioni 100. Halafu wanataja umri: samaki huyu hukomaa, hutaga na kufa ndani ya mwaka mmoja hivi. Papa huchukua miaka mingi kuziba pengo la waliovuliwa; huyu huliziba upesi. Na kuna suala la chakula. Dagaa wengi wa Ziwa Victoria, ambao watu huwala, huishia kwenye chakula cha mifugo. Kama kuku wangelishwa samaki ambaye hakuna anayemkaanga, dagaa wangebaki sokoni.

Hoja hiyo ya mwisho naikubali nusu tu. Dagaa walioanikwa mchangani na kunyeshewa mvua wataenda kwa kuku hata kama unga mwingine upo tele. Tatizo hilo linaanzia kwenye ukosefu wa chanja za kuanikia, na samaki wa Oman hawezi kulitatua.

Wanaopinga hutazama zaidi mwenendo wake. Mchana makundi hukaa kwenye kina cha mita 200 au 300 hivi, ndani ya tabaka la maji lenye oksijeni kidogo mno, ambamo wawindaji wengi hawastahimili. Jua likizama hupanda karibu na uso wa bahari kula kopepoda na vijidudu vingine vya maji, kisha kabla ya mapambazuko hushuka tena. Taa za tumboni hazimuliki njia. Mwanga wake hurekebishwa ulingane na ule hafifu unaoshuka kutoka juu, hivyo adui aliye chini haoni kivuli kikipita. Usiku wa mbalamwezi hawapandi sana, jambo ambalo mvuvi wa dagaa kwa karabai atalielewa upesi, maana naye hupumzika mwezi ukiwa mpevu.

Kwa safari hiyo ya kila siku, samaki taa hula kaboni juu na kuiachia kilindini kwa pumzi na kinyesi, ambako hukaa muda mrefu kabla ya kurudi hewani. Jodari, ngisi na pomboo nao humtegemea. Ukipima faida kwa tani za unga peke yake, kazi hizi zote hazionekani kwenye hesabu.

Hata hizo tani zenyewe zina utata. Makadirio ya samaki wote wa kina cha kati duniani yamepanda kutoka tani bilioni 1 hivi mwaka 1980 hadi zaidi ya bilioni 10 mwaka 2014, na si kwa sababu waliongezeka. Wavu hupunguza hesabu kwa kuwa samaki huukwepa. Sonari, yaani kifaa kinachopima kwa mwangwi wa mlio majini, nayo huweza kuikuza, kwa kuwa kuna viumbe laini wa ukoo wa yavuyavu wenye vipovu vya gesi vinavyoitikia mlio kama kibofu cha hewa cha samaki.

Afrika Kusini ilishajaribu. Ilimvua jamaa yake, Lampanyctodes hectoris, ikapata zaidi ya tani 40,000 mwaka 1973, lakini katikati ya miaka ya 1980 uvuvi huo ukakoma kwa kuwa mafuta mengi ya samaki huyo yalisumbua mitambo ya kusindika. Mara nyingi kinachomlinda samaki taa ni gharama kuliko sheria, na ulinzi wa namna hiyo huisha bei ya unga ikipanda.

Kinachonielemeza upande wa tahadhari ni maji yenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, wakitumia roboti za kupiga mbizi, walionyesha kuwa oksijeni katika Ghuba ya Oman imepungua sana kulinganisha na vipimo vya zamani. Samaki taa huvumilia uhaba huo, ila hakuna uvumilivu usio na kikomo. Leseni chache za majaribio, zikiambatana na upimaji mpya wa nyavu na sonari pamoja, ningeziunga mkono. Kiwanda cha unga kutangulia upimaji huo, hapana: kikishajengwa kina mkopo wa kulipa, na meli zitatumwa baharini hata mwaka ambao kundi limepungua.