Tambara lisilooza

Karibu na majabali ya Moher, huko Liscannor katika kaunti ya Clare, magharibi mwa Ayalandi, kipo kisima cha Mtakatifu Brigida. Unakifikia kwa kupita ujia mwembamba wa mawe, wenye kiza na unyevu. Kuta zake hazionekani kwa wingi wa vitu: rozari, visanamu vya Bikira Maria, picha za marehemu, barua zilizoshikana kwa unyevu hata huwezi kuzikunjua.

Visima vya namna hii nchini humo hukadiriwa kufika 3,000, na vingi vina ugonjwa wake maalumu. Cha macho huitwa Tobar na Súl. Vipo vya meno, vya mgongo, hata vya chunjua. Mgonjwa hukizunguka kisima kwa kufuata mwendo wa jua, akisali Baba Yetu na Salamu Maria, na vijiwe mkononi asije akapoteza hesabu ya mizunguko. Mahali pengine huchovya kitambaa majini, akajipangusa panapouma, kisha akakifunga kwenye mti ulio kando. Kitambaa kikioza, na maradhi yanakwisha.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Siku hizi miti hiyo imefungwa soksi za nailoni, kamba za viatu, riboni za poliesta. Poliesta haiozi! Kwa hesabu ya wazee wenyewe, aliyefunga poliesta amejifungia ugonjwa wake pale pale mtini. Tena kamba isiyooza hulinyonga tawi kadiri linavyonenepa. Wazee walijua kwamba kupona kuna muda wake, wakampa mgonjwa kitu cha kumpimia muda huo. Sisi tumebaki na fundo tu.

Wapo pia wanaotaka kisima kiwe na cheti cha maabara. Kule kaunti ya Kerry, kwenye bonde la Gleann na nGealt, yaani bonde la wendawazimu, waliorukwa na akili walikuwa wakinywa maji ya Tobar na nGealt na kula majani yanayoota humo. Maji yalipopimwa yakakutwa na lithiamu, dawa ambayo madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa wa akili, na watu wakashangilia kwamba sayansi imethibitisha. Imethibitisha nini? Ni chembe tu, haikaribii hata kidogo dozi ya hospitali. Waliokwenda kule hawakuwa wakisubiri ruhusa ya mkemia. Hata sheria ya mwaka 1704, iliyomtoza anayehiji visimani shilingi 10 au kumchapa viboko hadharani, haikuwazuia.

Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule waliandika masimulizi ya wazee wao kwenye madaftari, na visima vimo tele. Hadithi moja hujirudia kaunti hadi kaunti: mtu alifulia nguo kisimani, na kulipokucha kisima kimehama.