Wamazrui na majirani zao: nani alimbeba nani?

Ukiwataja Wamazrui pwani ya Kenya utapewa moja ya hadithi mbili. Ya kwanza inasema walikuwa Waarabu wa Omani waliokuja kukalia watu, wakatoza ushuru na kulimisha watumwa. Ya pili inasema ni wana wa Mombasa waliokataa kutawaliwa kutoka Maskati, kisha Unguja, kisha London. Kila hadithi ina ushahidi wake, na kila moja hunyamaza panapoanza nyenzake.

Tuanze na hii ya pili. Wareno walitolewa Ngome ya Yesu mwaka 1698, na katika karne iliyofuata ukoo huu wa Wamazrui ukashika uliwali (ugavana) wa Mombasa kwa niaba ya watawala wa Omani. Utawala wa huko ulipoangukia mikononi mwa ukoo mwingine, wa Busaidi, katika miaka ya 1740, liwali Muhammad bin Uthman aligoma kuwatambua. Aliuawa kwa kugoma huko, lakini nduguye Ali akairudisha ngome, na hakuirudisha peke yake. Wenyeji walikuwa upande wake.

Na hao wenyeji hawakuwa kundi moja. Mji ulikuwa wa Thenashara Taifa, yaani koo kumi na mbili za Waswahili: Tisa Taifa upande mmoja, Thelatha Taifa (Kilindini, Tangana na Changamwe) upande wa pili, kila upande na mashehe wake na rafiki zake bara. Wakilindini, kwa mfano, walifungamana na Wadigo. Mijikenda, yaani jamii za bara wakiwemo Wadigo na Wagiriama, walileta mjini nafaka, pembe za ndovu na sandarusi, na wazee wao walipofika kwa liwali walipewa vitambaa vya heshima. Vitambaa hivyo havikuwa sadaka. Asiyevitoa angejikuta hana chakula wakati wa kuzingirwa, wala wapiganaji wa kuteremka kutoka bara. Mtu akiniambia Wamazrui waliwatawala Mijikenda, namuuliza ni mtawala gani huyo anayelipia utii kila msimu.

Hata hivyo, ujirani huo ulikuwa na upande mchungu, na watetezi wa ukoo huupita mbio. Takaungu, walikohamia baadhi yao baada ya kuipoteza Mombasa mwaka 1837, kulistawi mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Wagiriama waliuza mtama wao hapo hapo bandarini, ukapakiwa majahazini kwenda Arabuni. Njaa ilipobana, jamaa za bara waliweka watoto rehani kwa matajiri wa pwani ili wapate chakula, na si wote waliokombolewa. Watoro nao walikimbilia ndani na kujenga vijiji vyao, Fuladoyo kikiwa mojawapo. Kwa hiyo Mgiriama huyo huyo aliweza kuwa mteja wa Mmazrui asubuhi na mwenye kumficha mtoro wake usiku. Biashara na uadui vilipita njia moja.

Mimi naona si majirani wa bara waliowaangusha Wamazrui. Jeraha la ukoo lilikuwa ugomvi wa urithi. Baada ya liwali Salim bin Ahmad kufariki mwaka 1835 waligombania kiti wenyewe kwa wenyewe, na Thelatha Taifa, waliochoshwa nao, wakamgeukia Seyyid Said, mtawala wa Busaidi. Mwaka 1837 akaingia mjini, na wakuu wa ukoo wakakamatwa na kusafirishwa hadi Bandar Abbas. Waliosalia wakagawanyika: wengine kaskazini Takaungu, wengine kusini Gazi.

Wala kutafuta mlinzi wa mbali hakukuwa kumewasaidia. Mwaka 1824 walipandisha bendera ya Uingereza kwa mapatano na Kapteni Owen, wakakubali kugawana naye ushuru wa forodha nusu kwa nusu na kuacha biashara ya watumwa. Mwaka 1826 Waingereza wakaondoka zao.

Mwaka 1895 ugomvi wa urithi ukajirudia. Mkuu wa Takaungu alifariki, kampuni ya Waingereza ikampa kiti mtu waliyemtaka wao, na aliyenyimwa akaasi. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyekuwa ameshawasumbua Busaidi kwa miaka mingi kutoka boma lake la Mwele, akaingia vitani. Na Wagiriama? Baadhi yao, pamoja na kiongozi wao mmoja, Ngonyo wa Mwavuo, waliwaunga mkono waasi, kwa nafaka na kwa watu. Hapo ndipo hadithi ya kwanza inapokwama, kwa maana watu hawamlishi vitani mtu wanayemwona mkandamizaji tu. Lakini si Wagiriama wote waliofanya hivyo, na hapo ya pili nayo inapungukiwa.

Mwele ilitekwa Agosti 1895. Mbaruk akavuka mpaka mwaka 1896 kuingia eneo la Wajerumani, akafia Dar es Salaam. Ardhi ya Takaungu ilibaki. Mwaka 1914 sheria ya kikoloni iliiweka chini ya amana ya ukoo, na mwaka 1989 Bunge la Kenya likaifuta sheria hiyo. Kesi ikafuata mahakamani, huku juu ya ardhi hiyo wakiishi Wagiriama wanaolima mashamba wanayoyaita yao.