Mwalimu Asiyejua Presha ya Macho

Nilipokwenda Wete kwa likizo mwaka jana, mtoto wa kaka yangu, ambaye anasomea fani ya macho katika chuo kimoja cha Bara na wakati huo alikuwa nyumbani kwa mafunzo ya vitendo, alinionesha simu yake kwa furaha ya mtu aliyeokota lulu. "Ami, huyu ndiye mwalimu wangu wa usiku," aliniambia. Alikuwa amepakua programu ya akili mnemba inayojibu maswali ya masomo, na kwa kuwa huku Leicester, Uingereza, nasimamia vijana wanaojifunza kupima macho, ambao wote wana wakufunzi wa namna hiyo mifukoni mwao, nilimwomba aiulize jambo la nyumbani. Akaandika kwa Kiswahili: "Bibi ana presha ya macho, matone yake yamekwisha wiki mbili sasa, nimshauri nini?" Jibu likaja kwa Kiswahili kilichonyooka sana. Bibi apunguze chumvi, afanye mazoezi mepesi na apime presha yake kila asubuhi.

Muuguzi yeyote wa Pemba anajua kwamba mgonjwa akitaja presha ya macho anazungumzia glakoma, maradhi ambayo mshipa wa fahamu wa jicho hufa kidogo kidogo, mara nyingi kwa msukumo wa maji yaliyomo ndani ya jicho, bila maumivu na bila mwenyewe kushtuka, na nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Bibi aliyekaa wiki mbili bila matone anatakiwa kurudi hospitali leo, si kuacha chumvi. Mwanangu yule alicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu yeye yuko mwaka wa tatu na aliliona kosa, lakini wa mwaka wa kwanza asingeliona.

Sisemi wakufunzi hawa wakataliwe, na atakayenisoma hivyo atakuwa amenionea. Huku Uingereza nimewaona wakifanya kazi nzuri. Kijana mmoja ninayemsimamia alikuwa akijisomea saa sita usiku, na mkufunzi wake akambana kwa swali: kabla hujampa mgonjwa matone ya timolol, dawa ya presha ya macho, utamuuliza nini? Akajibu kwamba atamuuliza kama ana mzio. Akaambiwa afikirie kifua. Akakumbuka pumu, naye hakuachiwa hapo, bali alitakiwa aeleze ni vipi tone lililowekwa jichoni linafika kifuani, mpaka akafika kwenye kile kijitundu cha kona ya jicho kinachoteremsha machozi puani, ambako dawa huingia kwenye damu. Asubuhi alinieleza yote hayo kwa ufasaha ambao mimi mwenyewe sikuwa nao katika umri wake.

Tena kuna jambo ambalo Mzungu hatalitaja, kwa sababu halimsumbui. Mwanafunzi wa huku humwambia mwalimu wake "sijaelewa" mara tatu bila kuona haya. Sisi tumelelewa tukijua kwamba mwalimu haulizwi mara mbili, na kijana wetu huinamisha kichwa, akasema "nimefahamu, mwalimu," kisha akaondoka na ujinga wake mkononi. Mbele ya simu hana wa kumwonea haya. Kama faida ingekuwa hiyo peke yake, ningeiunga mkono.

Lakini mwanafunzi wa huku anamfikia mkufunzi huyu akiwa ameshiba. Ana vifaa, ana wagonjwa, ana msimamizi anayelipwa kumtazama, na akili mnemba kwake ni halua baada ya chakula. Kwa mtoto wa kaka yangu inakaribia kuwa chakula chenyewe. Mahali alipokuwa akifanyia mazoezi palikuwa na retinoskopu, kifaa cha mwanga cha kupimia miwani anayohitaji mtu, moja tu kwa wanafunzi sita, na balbu yake iliungua wiki ya pili. Wiki zilizobaki waliisoma retinoskopia kwenye simu.

Retinoskopia si kitu cha kusoma. Unakaa gizani, unapitisha mstari wa mwanga juu ya mboni ya mgonjwa na kutazama mng'ao unaorudi. Mng'ao ukienda pamoja na mwanga wako unaongeza lenzi ya chanya, ukienda kinyume unaongeza ya hasi, mpaka mng'ao uijaze mboni yote bila kuelekea popote, kisha unatoa dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 1.50 ikiwa umekaa umbali wa sentimita 67. Kwa maneno ni hayo tu. Mimi yalinichukua miezi. Bwana aliyenifundisha, mzee wa maneno machache, jioni moja alinishika kifundo cha mkono akakilaza kidogo, na mng'ao niliokuwa nikiutafuta wiki nzima ukatokea. Kipimo hicho ndicho kinachotuwezesha kumpa miwani mtoto wa miaka mitatu ambaye hawezi kusema anaona nini. Anayekijua kwa mdomo tu hakijui, na ninao huku vijana wawili wanaokieleza kama maprofesa huku mikono yao ikitetemeka.

Macho yenyewe nayo yanatofautiana. Mwaka 2023 watafiti wa London walitangaza modeli ya akili mnemba iitwayo RETFound, iliyofundishwa kwa picha milioni 1.6 za retina, yaani pazia la nyuma ya jicho, nyingi zikiwa za wagonjwa wa hospitali ya macho ya Moorfields. London ina watu wa kila rangi, hilo nakiri. Hata hivyo siku moja nilikipiga picha kile kibaka cha kahawia kilichopo kwenye weupe wa jicho langu, kama walivyo navyo watu weusi wengi bila madhara yoyote, nikamwonesha mkufunzi wa wanafunzi wangu. Alinishauri kwa upole niende nikachunguzwe saratani. Mwanafunzi wa Chake Chake akiyachukua hayo kama yalivyo, atawatia hofu nusu ya wagonjwa wake.

Yote hayo bado ni madogo mbele ya lugha. Kazi yetu huanza kwa kusikiliza, na kifaa hakiwezi kufidia swali lililoulizwa vibaya. Huku wanafunzi hujizoeza kwa kuiambia mashine ijifanye mgonjwa, nayo hujifanya fundi ujenzi aliyerukiwa na kipande cha chuma, hata hasira zake ikaziigiza. Tulipokuwa Wete tuliiambia ijifanye bibi wa Pemba wa miaka 60. Ikasema: "Ninakabiliwa na changamoto ya kuona vitu vilivyo karibu nami." Hajazaliwa bibi wa Kipemba wa kusema hivyo, huyo ni mtangazaji wa taarifa ya habari. Bibi mmoja jirani yetu, alipoulizwa na mtoto wa kaka yangu kama ana tatizo la macho, alijibu hana: "Mwanangu, macho yangu mazima, ila mchele wanishinda." Maana yake haoni tena chuya na vijiwe akichagua mchele. Alipoendelea kuulizwa akasema uzi hauingii sindanoni, na msahafu anausogeza mbali mpaka mkono unamalizika.

Kwa mtu wa fani hayo ni maelezo kamili ya macho ya utu uzima, yanayotibika kwa miwani ya kusomea. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 826 ambao uoni wao wa karibu umeharibika kwa umri na haujashughulikiwa, na bibi yule ni mmoja wa watu wa namna hiyo. Mkufunzi wa simuni alikuwa amemfundisha kijana wangu aulize kama mgonjwa anasoma gazeti, anatumia kompyuta na anaendesha gari. Bibi angejibu hapana mara tatu, akaandikiwa kwamba hana haja ya miwani, akarudi nyumbani kuchagua mchele kwa kubahatisha. Maswali ya Pemba ni mengine: unashona kofia, unachambua karafuu, unasoma msahafu kwa taa gani?

Ndiyo maana naona watu wanaotaka kutuletea wakufunzi hawa wameanzia mwisho. Wanazungumzia simu na bando, na hayo ni matatizo ya kweli, lakini yanatatulika. Kisichonunulika ni maneno ya wagonjwa wetu, ambayo hayamo katika vitabu zilivyolishwa mashine hizo. Yakusanywe kwanza, kwa ridhaa ya wenyewe na bila majina wala picha zao kuzagaa kwenye makundi ya WhatsApp, yapitiwe na waganga wetu na watu wa BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, kisha mashine ifundishwe kwayo na itahiniwe nasi kabla haijamtahini mtoto wetu. Huku hakuna chuo ambacho kingekubali mwalimu asiyejua Kiingereza cha mgonjwa, nasi tuna haki ya kuwa wagumu vivyo hivyo.

Mtoto wa kaka yangu ameshaanza. Ana daftari ambamo kila siku huandika namna mgonjwa alivyosema na ugonjwa uliokutikana, na kila Ijumaa hunitumia ukurasa mmoja. Wa wiki iliyopita ulikuwa na mvuvi aliyelalamika kwamba "taa za chombo zafanya duara," na mbele yake kaandika kwa wino mwekundu: mtoto wa jicho, au presha ya macho, apimwe yote mawili. Chini kabisa aliniuliza kama balbu ya retinoskopu nimeipata. Nimepata mbili, na zinakuja na mtu anayesafiri mwezi ujao.