Gari la Zimamoto Halikuja Tupu

Soko likiungua, au nyumba ya mtu, maneno ni yaleyale: zimamoto wamechelewa, na walipofika hawakuwa na maji. Wakati mwingine gari linarushiwa hata mawe. Aliyepoteza duka ana haki ya kulia na kulaumu. Lakini hilo la "hawakuwa na maji" naomba tulitazame vizuri, maana ndilo linalotupeleka kumkamata asiye mkosaji.

Piga hesabu. Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Mpira mmoja wa kuzimia moto unaweza kumwaga lita 450 hivi kwa dakika. Askari wakifungua mipira miwili, tangi limekauka kabla dakika ya sita haijatimia. Dakika sita! Aliyetoka na godoro kichwani, akalihifadhi kwa jirani na kurudi mbio, anawakuta askari wameshika mpira usiotoa hata tone. Kwake yeye gari lilikuja tupu, na atalisema hivyo kwa miaka kumi.

Tangi halikuundwa kumaliza moto wa soko. Kazi yake ni kuanzia, huku askari wengine wakiunganisha mpira kwenye kisima cha zimamoto, yaani lile bomba lililowekwa barabarani kwa shughuli hiyo. Sasa kisima kama hakipo, au kimefukiwa na lami, au kimejengewa kibanda juu, au siku hiyo mtaa uko kwenye mgawo wa maji, gari halina budi kuondoka kwenda kujaza. Hapo ndipo linapozomewa, watu wakidhani linakimbia.

Askari huyo ni wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Maji ni ya mamlaka ya maji. Barabara ni ya wakala wa barabara, TARURA au TANROADS. Kibanda kimewekwa kwenye eneo la halmashauri. Usiku wa moto anayeonekana pale amevaa sare ni mmoja tu, naye anabeba lawama za wote wanne.

Wafanyabiashara wana hoja nzito, na siipuuzi. Wanalipia ukaguzi wa kinga na tahadhari ya moto, kisha wanauliza mbona wakaguzi hawakosi siku ya malipo, ila moto ukiwaka wanasubiriwa. Tena Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, halikuwa kibanda cha uchochoroni. Lilikuwa mali ya umma katikati ya Dar es Salaam, na bado liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Ukaguzi unaoishia kuuliza kama mtungi wa kuzimia moto umetundikwa ukutani hauwezi kutetewa. Vituo vya zimamoto navyo ni vichache kwa miji inavyopanuka, na foleni ya jioni haimpishi mtu kirahisi hata akipiga king'ora.

Ila kuchelewa kunaanzia kwetu pia. Dakika za mwanzo tunazimalizia kwenye ndoo, mchanga na kupiga picha za simu, na anayekumbuka 114, namba ya dharura ya zimamoto, anapiga moto ukiwa umeshapanda kwenye paa. Kuna na wanaoipigia namba hiyo kwa utani, wakiwatoa askari kituoni bure.

Na kuna moto ambao hakuna gari la kuuwahi. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Walikufa zaidi ya 100, wengi wao vijana, wakiwamo waendesha bodaboda waliokuwa wakitafuta riziki ya siku hiyo. Pale wokovu ulikuwa kuwaweka watu mbali na lori kabla ya cheche ya kwanza, na kazi hiyo haihitaji tangi.

Kwa hiyo mkaguzi akija dukani kwako mwaka huu, mlipe anachostahili, kisha mwombe akuonyeshe kisima cha karibu kiko wapi na mara ya mwisho kilifunguliwa lini kikatoa maji. Akishindwa kukujibu, nendeni pamoja mkakitafute, na barua ya malalamiko iandikwe siku hiyohiyo, kwa mamlaka ya maji.