Shairi la majani makavu na reli za Ufaransa
Kwenye maelezo yenu ya D-Day, ile siku ya Juni 1944 majeshi ya Washirika yalipotua Normandy, Ufaransa, kuwavamia Wajerumani, mmeishia kwenye meli na mabomu tu, mbona shairi la Verlaine, yule mshairi Mfaransa, mmeliruka? Jamaa alilichapisha 1866, mtu anapeperushwa na upepo kama jani kavu, halina hata risasi moja, halafu Juni 1944 BBC ikalisoma vipande vipande, tarehe 1 ule mstari wa vilio virefu vya fidla, tarehe 5 usiku ule mstari wa moyo kuumizwa na mnyong'onyeo (kwa Kifaransa tamu zaidi), basi wapiganaji wa chinichini wa Ufaransa wakajua ndo sasa uvamizi unaanza, kaharibuni reli. Kinachonichekesha, Wajerumani walishalidaka hilo fumbo, jeshi lao la 15 likawekwa macho, ila la 7 lililokuwa Normandy kwenyewe halikushtuliwa aisee