Ofisi Imehamia Kwenye Simu ya Mfanyakazi, na Bili Pia

Ukitaka kujua ofisi ya klaringi, yaani ya kutoa mizigo bandarini, iko wapi hapa Mombasa, achana na kibao kilichopigiliwa mlangoni kule Shimanzi au Moi Avenue. Tazama simu ya kijana wa kazi. Humo ndimo BL, zile hati za mizigo ya meli, zinamopokelewa zikiwa picha, ndimo dereva anamotuma namba ya sili, ile lakiri ya kontena, na ndimo bosi anamotoa amri, anamogomba na anamopongeza. Kile chumba chenye meza na feni kimebaki cha kuwekea mafaili na kumkaribisha mteja chai.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, sijaona kitu kilichogeuza kazi za mji huu kama grupu la WhatsApp. Na mageuzi haya yamepita bila watu kuketi wakakubaliana. Kampuni zimeihamishia ofisi mfukoni mwa mfanyakazi, kisha zikamwachia yeye gharama. Hilo ndilo linaloniuma.

Wenzetu ng'ambo walitabiri mambo mengine kabisa. Walituambia kazi itahamia kwenye ulimwengu wa kidijitali wa pande tatu, ambamo kila mtu ana kikaragosi chake kinachotembea na kuketi mkutanoni. Second Life, mmoja wa ulimwengu wa namna hiyo, ilifunguliwa mwaka 2003. IBM ikafanyia mikutano humo, na Sweden ikafungua ubalozi wake humo mwaka 2007. Oktoba 2021 Facebook ikabadilisha jina ikawa Meta kwa ajili ya ndoto hiyohiyo. Mwaka uliofuata ikatoa kifaa cha kuvaa machoni, Quest Pro, kwa dola 1,500, na kitengo chake cha teknolojia hiyo kikapata hasara ya zaidi ya dola bilioni 13 katika mwaka huo mmoja. Kufikia Septemba 2023 Meta yenyewe ilikuwa imewaagiza wafanyakazi wake wengi warudi ofisini siku 3 kwa wiki.

WhatsApp, ambayo kampuni hiyohiyo iliinunua mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 19, haikuhitaji kupigiwa debe kwa mabosi wetu. Iliingia kazini pamoja na wafanyakazi. Watu husema ilishinda kwa sababu ni rahisi kutumia, na ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Kifaa cha dola 1,500 lazima mwajiri akinunue. Simu ya WhatsApp ameinunua mfanyakazi, bando analiweka yeye, na umeme wa kuichaji ni tokeni za nyumbani kwake. Kwa mwajiri ofisi hii ni ya bure kwa sababu kuna mwingine anayeilipia.

Sisemi ulimwengu wa kuigiza hauna faida. Hapa ni mji wa mabaharia, na baharia anajua thamani yake: kwa kanuni za kimataifa za mafunzo ya mabaharia, STCW, mafunzo ya rada lazima yapitie kwenye mtambo wa kuigiza kabla afisa hajakabidhiwa chombo cha kweli. Ulimwengu wa namna hiyo una kazi maalumu na una saa zake. Ukitoka, umetoka. Grupu la kazi halina mlango wa kutokea.

Na grupu lina mema yake, mema makubwa. Zamani habari ilipanda ngazi kwa ngazi: tanboi, msaidizi wa lori, amwambie dereva, dereva amwambie msimamizi, msimamizi amweleze meneja, na meneja achague lipi limfikie mwenye kampuni. Leo dereva akiwa pale Mariakani anapiga picha ya sili, na mwenye mzigo aliye Kampala anaiona papo hapo pamoja na bosi. Picha ile ina saa na tarehe. Mabishano ya "sili ilikatwa bandarini au njiani?", yaliyokuwa yakimlaza dereva kituo cha polisi, mengi yanaisha kwa picha moja. Dada wa nyaraka, ambaye hakuwa akiitwa kikaoni, sasa akiandika juu ya namba ya forodha ya bidhaa, "HS code hiyo si sawa, tutapigwa faini", wote wanasoma, na hakuna wa kulichukua wazo lake akaliita lake. Heshima ya namna hiyo hakuipata kwa barua yoyote ya ajira.

Sasa tuje kwenye usiku. Bandari ya Kilindini haifungi. Kontena ikishuka, meli inakupa siku kadhaa za bure, zikiisha unaanza kulipa demareji, ile tozo ya kuchelewesha kontena, kwa dola kila siku, na gharama za bandari kupanda pembeni yake. Kwa hiyo haraka ipo kweli, si bosi kujitungia. Saa nne usiku ujumbe unaingia juu ya tamko la forodha la mzigo: "Entri imekwama. Nani yuko macho?" Kila mtu ameuona, tiki mbili za bluu zinasema hivyo. Na hapo ndipo ilipo nguvu yenyewe. Zamani ukiwa nyumbani ulikuwa haupo. Siku hizi ukiwa nyumbani uko, umesoma, umenyamaza, na asubuhi utaulizwa: "Uliona, mbona hukujibu?"

Namjua mama mmoja wa nyaraka ambaye alirudi kazini mtoto angali mchanga. Alikuwa akimnyonyesha huku mkono wa pili ukiandika "Niko boss, naangalia." Anawasha laptopu yake mwenyewe, anaingia kwenye mfumo wa forodha, anarekebisha entri, anatuma picha ya skrini, analala saa nane. Saa mbili asubuhi yuko kwenye dawati, mshahara uleule. Ramadhani ndiyo mbaya zaidi. Adhana ya magharibi inalia, tende iko mkononi, na simu iliyowekwa kando ya bakuli la uji haijanyamaza.

Mwajiri naye anapoteza, ila hajapiga hesabu. Ofisi moja niliyofanyia kazi iliachana na karani wake kwa ubaya, kisha ikamwandama kwa "kuiba wateja". Wateja wenyewe walikuwa kwenye simu yake, kwa namba yake, kwa sababu ofisi haikuwahi kumpa laini. Miaka ya makubaliano ya bei, ahadi na malalamiko vyote vilikuwa humo. Hakuiba kitu, kumbukumbu za kampuni ziliwekwa kwake bila kukodiwa nafasi. Na katikati ya mazungumzo hayo zimo nakala za vitambulisho na PIN za mamlaka ya kodi, KRA, za watu wasiojua picha zao ziko kwenye simu ya nani. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019.

Kuna jambo jingine ambalo mabosi wengi hawalijui, au wanajifanya hawalijui. Kazi karibu zote zina magrupu mawili. Lipo lile ambalo bosi ndiye admini, na lipo lingine asimokuwemo. La kwanza ni la "Sawa boss" na vidole gumba. La pili ndilo linaloambizana nani hajalipwa ovataimu na nani afichiwe kosa dogo. Katika mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, wafanyakazi wa bandari na reli walikusanyika uwanjani kwa maelfu ili wasikizane bila mwajiri kuwa kati yao. Grupu la pili limechukua kazi ya uwanja ule, na ningekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi ningelithamini kuliko mkutano wa hoteli.

Sheria inajikokota. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, lakini iliandikwa kabla WhatsApp haijazaliwa. Ufaransa tangu Januari 2017 inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao juu ya haki ya kutosumbuliwa baada ya kazi. Hapa kwetu, seneta Samson Cherargei wa Nandi alileta mswada wa namna hiyo mwaka 2022, na Shirikisho la Waajiri, FKE, likaupinga.

Naijua hoja ya waajiri: meli haingoji. Nakubali, haingoji. Lakini hata kreni za Kilindini haziendeshwi usiku kucha na mtu yuleyule aliyeziendesha mchana. Zinaendeshwa kwa zamu, na wa zamu ya usiku anajulikana. Ofisi ya klaringi inashindwaje? Laini iwe ya kampuni, ikabidhiwe zamu hadi zamu, ili karani akiondoka aondoke na simu yake na wateja wabaki. Majina ya wawili wa usiku yaandikwe grupuni kabla ya saa kumi na moja jioni, bando na posho yao viingie M-Pesa siku hiyohiyo, na wengine wakizima data asiwepo wa kuwauliza asubuhi.